Kabla Hujamruhusu Fundi Afomati

Jamani, hii tabia ya kufomati kompyuta kwa kila ugonjwa tuiache. Kompyuta ikikohoa kidogo tu, dawa ni ile ile: "Lete tupige window upya." Ni sawa na daktari kumkata mtu mguu kwa sababu ana fangasi kidoleni!

Chukua kompyuta isiyotaka kuzima. Ya nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Unaiamuru izime, kioo kinakuwa cheusi, lakini feni inaendelea kunguruma na taa inawaka kana kwamba hujasema kitu. Fundi wa mtaani hakuuliza hata swali moja. Kufomati! Ndani kuna picha za harusi na misiba ya familia ya miaka mingi, pamoja na utafiti wa mdogo wangu wa chuo. Nikamshukuru, nikarudi nayo nyumbani.

Ukijua kuzima kunavyofanyika, hutatishika. Enzi za Windows 95, kompyuta nyingi zilikuwa na swichi inayokata umeme moja kwa moja. Yalitokea maandishi kwamba sasa ni salama kuzima, nawe ukazima kwa mkono wako. Leo kitufe hicho kinapeleka ombi tu. Programu zifunge, draiva za vifaa ziitikie, ndipo mazabodi iiambie pawa saplai ikate umeme. Mmoja akigoma, wote wanasubiri.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Microsoft waliweka kitu kinachoitwa "Fast Startup". Kikiwa kimewashwa, ukibonyeza "Shut down" programu zako zinafungwa, lakini moyo wa mfumo hauzimwi kabisa. Hali yake inahifadhiwa kwenye diski ili kesho kompyuta iwake haraka. Kwa hiyo draiva iliyokuwa mgonjwa jana inaweza kuamka na ugonjwa wake leo. Kituko ni kwamba "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa, si "Shut down". Wangapi tunalijua hilo?

Basi kabla ya kwenda kwa fundi, fanya hivi. Chomoa printa, flashi, modemu na kila kilichochomekwa kwenye USB, kisha jaribu kuzima. Ikigoma, shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Shut down". Hapo inazima kikamilifu kwa mara hiyo moja. Ikikubali, mshukiwa umempata. Ingia Control Panel, halafu Power Options, nenda kwenye mipangilio ya vitufe vya kuzimia, uondoe tiki kwenye "Turn on fast startup". Kwetu ugonjwa uliishia hapo. Isipokubali, tafuta draiva mpya kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta yako. Hakuna faili lako hata moja litakalofutwa kwa hatua hizi.

Kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka ife, au kuchomoa waya ukutani, iwe ni dharura tu. Kilichokuwa kikiandikwa kwenye diski kinakatwa katikati. Ukifanya hivyo kila usiku, siku moja utafungua faili lako ulikute limeharibika.

Sisemi mafundi ni watu wabaya. Virusi vikishatawala kila kona, kufomati ni halali kabisa. Na sisi wateja tunachangia: tunafika na haraka, tunataka mashine kesho asubuhi, na kufomati ni kazi ambayo fundi ana hakika ataimaliza. Lakini fundi mzuri anauliza kwanza. Ilianza lini? Umeongeza kifaa gani? Asipouliza yeye, muulize wewe maswali mawili: "Umeona ugonjwa gani?" na "Mafaili yangu utayahifadhi wapi?" Akikosa jibu la swali la pili, beba kompyuta yako uondoke.

Window inapigwa upya hata mara kumi. Picha ya bibi aliyekwisha tangulia mbele ya haki haipigwi tena.

Naomba kutoa hoja.