Nyuzi za ukulele zinunuliwe kwa vipimo, si kwa picha ya pakiti

Leo kompyuta itapumzika kidogo, ingawa si sana, maana mambo yatarudi kwenye hesabu tu. Nataka kusema juu ya nyuzi za ukulele ya baritoni, na hoja yangu ni moja: pakiti ya nyuzi isiyoandikwa kipenyo cha uzi, umetengenezwa kwa nini, na unavuta kilo ngapi, ni sawa na programu uliyopewa bila maelezo yoyote. Unaweza kubahatisha na ikakubali. Lakini tubahatishe kwa nini, na fomula ipo, tena fupi, na simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuikokotoa kabla hujamaliza kupiga chafya?

Kwa asiyeijua, baritoni ndiyo kubwa kati ya zile ukulele nne za kawaida. Ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na mtangazaji Arthur Godfrey akaipa umaarufu kwenye televisheni. Sehemu ya uzi inayotetema ni kama sentimita 51. Sauti zake, kutoka nene hadi nyembamba, ni D, G, B na E, yaani zilezile za nyuzi nne nyembamba za gitaa. Hapo ndipo matatizo yote huanzia, kwa sababu mtu akisikia "ni kama gitaa" anaamini kwamba uzi wowote wa gitaa utafaa.

Mtaani kwetu yuko kijana anayefundisha watoto wa kwaya kwa baritoni yake, chombo pekee walicho nacho. Uzi ulipokatika alikwenda duka fulani mjini, nisilotaka kulitaja, akaambiwa "nyuzi ni nyuzi", akauziwa nyuzi za chuma za gitaa. Wiki ya pili kile kibao kinachoshika nyuzi kiling'oka na kipande cha uso wa mbao. Fundi ameomba pesa karibu na bei ya ukulele mpya, na watoto sasa wanaimba kwa kupiga makofi. Hesabu ingemwambia mapema: nyuzi nne za nailoni au za jamii yake huvuta jumla ya kilo 18 hivi kwenye baritoni. Nyuzi za chuma za gitaa, hata zile nyepesi, zikikazwa hadi sauti hizohizo zinakaribia kilo 30. Ubao wa ukulele haukujengewa mzigo huo. Kwa hiyo ikiwa chombo chako kilitengenezewa nailoni, chuma usikiguse, hata ukipewa bure.

Fomula yenyewe hii hapa, niliyoiandika kwenye skripti ya mistari michache:

mkazo = uzito_wa_mita * (2 * urefu * mitetemo) ** 2

Uzito ni wa mita moja ya uzi kwa kilo, urefu ni mita 0.51, na mitetemo ni ya kila sekunde: D 146.8, G 196, B 246.9, E 329.6. Jibu linatoka kwa newtoni. Ligawanye kwa 9.81 upate kilo. Mimi napenda kila uzi uwe karibu newtoni 45, yaani kilo 4.6. Chini sana uzi unalegea na kugonga freti, juu sana vidole vinalalamika.

Sasa igeuze fomula na uiulize unene. Kwa nailoni, ambayo uzito wake ni kama gramu 1.1 kwa kila sentimita ya ujazo, uzi wa D unatakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 1.5. Hiyo ni kamba ya kuanikia nguo! Uzi mnene namna hiyo kwenye chombo kifupi haukunjiki vizuri ukitetema, sauti inakuwa butu, na ukibonyeza freti za juu unasikia imepotoka kidogo. Ndiyo sababu watengenezaji huchukua nyuzinyuzi laini za nailoni wakazizungushia waya mwembamba, mara nyingi wa shaba iliyopakwa fedha. Uzito unaongezeka, ulaini unabaki. Seti nyingi za baritoni zina nyuzi mbili za namna hii, D na G.

Lakini uzi wa waya una ugonjwa wake. Freti zinausaga, jasho la vidole linaufanya uwe mweusi, na anayeishi Mombasa au Lamu, ambako hewa yenyewe ina chumvi, anajua chuma na shaba hufanywa nini huko. Uzi wa G wa waya, kwa kuwa ni mwembamba, ndio mara nyingi hutangulia kufa. Ndiyo maana nashikilia, na najua wapigaji wengine watanipinga, kwamba seti yenye waya kwenye D peke yake ndiyo inayotufaa zaidi sisi. Ukiharibika, badilisha huo mmoja. Hakuna sheria inayokulazimisha kutupa nyuzi tatu nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja, ila ni kweli mwenye duka angependa uwepo.

Na G iwe ya nini basi? Hapa ndipo flurokaboni inaponifurahisha. Ni plastiki nzito, gramu 1.78 hivi kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo uzi unakuwa mwembamba kwa karibu moja ya tano kuliko wa nailoni wenye mkazo uleule. Mwembamba maana yake ni sauti iliyo wazi zaidi. Skripti inanipa milimita 0.53 kwa E, 0.71 kwa B na 0.90 kwa G. D inatoka 1.20, inawezekana, wapo wanaotumia, lakini sikio langu hapo bado linapendelea waya.

Flurokaboni hiyo ndiyo ileile ya mishipi ya kuvulia samaki! Wapigaji ukulele wamekuwa wakiikata kutoka kwenye gurudumu la mshipi kwa miaka mingi. Gurudumu moja linatoa nyuzi za kutosha darasa zima, na wauza vifaa vya uvuvi wana adabu ambayo wauza nyuzi wengi hawana: kipenyo kinaandikwa. Angalia tu vitu viwili. Iandikwe flurokaboni, maana mishipi mingi ni nailoni ya kawaida. Halafu usome milimita, usihangaike na uzito wa samaki itakayembeba.

Asiyepata mshipi achukue seti ya gitaa la nailoni, ile ya klasiki, inayopatikana kwa urahisi. D, G, B na E zimo, mbili zinabaki. Gitaa hilo lina urefu wa sentimita 65, kwa hiyo kwenye baritoni mkazo unashuka hadi asilimia 62 hivi: uzi uliovuta kilo 7 utavuta kilo 4.3. Chagua basi seti iliyoandikwa mkazo mkubwa, nayo itakuwa ya kutosha. Uzi mmoja tu utakusumbua, ule wa G, karibu milimita moja ya nailoni, mnene na mzito wa kusema. Huo ubadilishe kwa flurokaboni siku utakayoweza.

Kuna mtego mwingine wa pakiti. Ikiandikwa "ukulele" tu, mara nyingi ni ya zile ndogo, za sauti za G, C, E na A. Ukiiweka kwenye baritoni na kuishusha hadi D, G, B na E haitavunja kitu, lakini uzi wa D utatoka oktava nzima juu ya unavyotakiwa na besi yako yote itakuwa imekwenda na maji. Kinyume chake ni hatari: seti ya baritoni ikikazwa kupanda hadi sauti za ukulele ndogo, mkazo unaongezeka kwa asilimia 78. Zipo seti za baritoni zilizotengenezwa makusudi kwa sauti hizo, na hizo nazo zinafanana na nyingine kwa picha kabisa, tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, kama imeandikwa.

Ukishazipata, badilisha uzi mmoja mmoja ili ubao usishtuke, na usihukumu sauti siku ya kwanza, kwa sababu nailoni na flurokaboni hunyooka kwa siku kadhaa na utakuwa unakaza kila baada ya wimbo. Kwa yule kijana wa kwaya nimeshaandika orodha kwenye karatasi, akabandika ndani ya kasha la ukulele: D ya waya ya gitaa la klasiki, mkazo mkubwa, G 0.90, B 0.71, E 0.53, flurokaboni. Akienda dukani tena atatoa karatasi kwanza, pesa baadaye.