Neno Moja, Maana Nyingi

Wako miongoni mwa wanachama wetu wanaojisifu kwamba wanakijua Kiingereza kwa sababu wamehifadhi maneno yake marefu. Sisi hatuyaogopi maneno marefu. Mtu akutanapo na neno asilolijua hufungua kamusi au humwuliza mwenziwe, na madhara hayapati nafasi. Neno la kuogopwa ni lile fupi, ambalo kila mmoja wetu alifundishwa siku za kwanza za shule, akaridhika na maana yake moja, asilitazame tena.

Litwaeni neno "want". Sote twajua kuwa ni kutaka. Lakini lina maana nyingine ya zamani, nayo ni kupungukiwa. Mkubwa wa afisi akiandika katika taarifa ya mwaka kwamba karani fulani "wants judgment", hakusema kwamba karani ataka hukumu. Amesema kwamba hana busara. "Discharge" nalo lina mambo yake. Aliye "discharged his duties" ametimiza kazi yake na astahili sifa; aliye "discharged from his duties" ameondolewa kazini, na akakusanye vitu vyake. Neno ni lilo hilo. Kilichogeuza maana ni viungo vidogo vya pembeni, ambavyo mwenye haraka huviruka. "Sanction" ni idhini, na mtunza fedha halipi hata senti mpaka aione. Walakini mwaka 1935 Shirikisho la Mataifa lilipoiadhibu Italia kwa kuishambulia Uhabeshi, adhabu ile iliitwa "sanctions" vilevile.

Mtu asidhani kuwa huu ni upungufu wa Waingereza peke yao. Nasi tunaye paa wa mwituni, tuna paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki, wala hatupotei.

Upande wa pili ni maneno mengi yanayodhaniwa kuwa na maana moja. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu, na Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa na wanachuoni. Ndiyo sababu Mwingereza ana "ask" ya wazee wake, "question" iliyotoka kwa Wafaransa, na "interrogate" ya Kilatini. Karani apendaye mapambo huchagua la mwisho, akaandika kwamba "alimwinterrogate" mkubwa wake juu ya likizo yake, kana kwamba mkubwa ameshikwa na polisi! Angalijiuliza kwa Kiswahili asingalikosea, maana ajua vema kwamba kuuliza, kusaili na kuhoji si kitu kimoja. Daktari Roget alitoa mwaka 1852 kitabu maarufu cha kuyakusanya maneno yenye maana za karibu. Ni kitabu chema, lakini ni kama duka lililotandika nguo zote pamoja: halikuambii ipi ni ya arusi na ipi ni ya matanga.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya walimu. Na alikumbuke neno "paramount". Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza, chini ya Waziri wa Makoloni Duke wa Devonshire, ilitangaza kwamba katika Kenya faida za wenyeji Waafrika sharti ziwe "paramount", na zikipingana na za wageni, za wenyeji ndizo zishinde. Waliosoma walielewa neno hilo kuwa ni kutangulia mbele ya yote. Mwaka 1931 Kamati ya Mabaraza mawili ya Bunge, iliyochunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, ikaeleza kwamba neno hilo halizidi maana hii: faida za wenyeji walio wengi zisiwekwe chini ya zile za watu wachache. Neno halikubadilishwa hata herufi moja. Kilichopunguzwa ni ujazo wake. Mbele ya kamati hiyo hiyo alisimama kutoa ushahidi Martin Kayamba, karani aliyeanzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Basi karani mwenzetu alikuwamo chumbani palipokuwa pakipimwa nchi kwa maneno.

Katika matoleo yajayo tutatenga nafasi kwa maneno ya namna hii. Mwanachama aliyekutana na neno lililomsumbua katika barua au waraka na alipeleke kwa Mhariri pamoja na sentensi nzima alimolikuta, kwani neno lililokatwa peke yake hatutaweza kulifasiri. Majina ya watu na namba za faili ziondolewe kwanza.