Kabla Hujaagiza Slaidi, Pitia Gereji

Majamaa wa gitaa, leo naomba tugombane kidogo. Kuanzia Likoni hadi Kisauni, kila anayetaka kuanza slaidi swali lake ni lile lile: ninunue ya kampuni gani? Mimi nasema hilo ni swali la mwisho. La kwanza, inakukaa kidoleni? La pili, ina uzito gani?

Kwa asiyejua, slaidi ni kibomba kigumu unachovaa kidoleni ukakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzibana. Freti hazikuzuii tena, sauti inapanda na kushuka kama ya mtu anayeimba.

Sasa uzito. Chuo niliacha, lakini mizani haidanganyi: kwa ukubwa ule ule, brasi, ile shaba ya manjano ya mifereji, ni nzito zaidi ya mara tatu ya kioo. Uzito unafanya sauti idumu na iwe nene. Lakini kidole kitachoka, na kama nyuzi zako ni nyembamba na ziko chini, utasikia tak tak kwa freti. Chuma cha pua ni chepesi kidogo kuliko brasi, na sauti yake ni kali. Kioo kinateleza na sauti yake ni laini, ila kikiwa chembamba inakufa haraka.

Unaanza? Chukua kioo kinene ama chuma cha wastani. Vaa kidole cha mwisho, vile vingine vibaki huru. Inua nyuzi kidogo, na kidole kimoja kilaze nyuma ya slaidi kuzima makelele.

Utapata wapi? Duane Allman alipiga na kichupa cha dawa. Lowell George alipiga na soketi ya plagi. Soketi ya plagi, jamani! Si zimejaa kwa mafundi wa Changamwe? Nenda na kidole chako, jaribu, omba iliyozeeka. Toa raba ya ndani, na maandishi yaliyochongwa yasiguse nyuzi. Shingo ya chupa nayo usikate bila miwani ya kazi, na makali uyasugue kwa msasa na maji.

Mtaniambia ya duka ni bora. Sikatai, imepigwa msasa vizuri na ina saizi. Inunue ukishajua kidole chako kinapenda nini.

Manake hapa ndo roho yangu ilipo. Sisi Pwani tumelelewa na udi na fidla, ala zisizo na freti. Skiza udi wa Zein l'Abdin, vile sauti inavyoteleza kutoka hapa hadi pale. Zile sauti za katikati, freti za gitaa zinaziruka. Slaidi inazifika. Na gitaa lenyewe si geni kwetu: Fundi Konde, mtoto wa Pwani, alikuwa kati ya wa kwanza Kenya kupiga la umeme. Lakini wengi wetu tukishika slaidi tunataka tulie kama Mississippi tu. Na kijana akingoja mzigo wa ng'ambo mpaka hamu imuishe, hizo sauti zetu nani atazitafuta?

Haya, wa brasi mko wapi? Njooni mnipinge hapo chini. Lakini mje na klipu, si maneno.