Acheni Kulaumu Intaneti, Vuteni Waya!

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote hapa Machakos ni hili: "Wewe mtu wa kompyuta, intaneti ya nani ni nzuri? Hii yangu imenishinda." Nami hujibu kwa maswali yangu matatu. Nyumbani mko wangapi? Mna vifaa vingapi? Mna nyaya ngapi? Jibu la swali la tatu karibu kila mara ni sifuri. Televisheni, kompyuta, kamera za usalama, printa na simu sita, vyote vinaning'inia hewani kwenye kisanduku kimoja cha Wi-Fi kilichofichwa nyuma ya televisheni.

Basi leo nasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Nyumba nyingi hazina tatizo la intaneti, zina tatizo la ubahili mahali pasipofaa. Mtu yuko radhi kuongeza pesa za kifurushi kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, lakini ukimwambia anunue swichi ya mtandao mara moja tu anakuona mwizi.

Swichi ninayoisema si ile ya taa ukutani. Ni kisanduku kidogo chenye matundu ya kebo, matano au manane. Tundu moja linaunganishwa na ruta, na yale mengine yanakwenda kwa vifaa. Haina programu ya kusakinisha, haina nywila, haina malipo ya mwezi.

Wapo wanaoniambia waya ni mambo ya kale, dunia imehamia hewani. Ngoja niwaeleze. Sisi watu wa Ukambani tunajua foleni ya maji, kwa hiyo tutumie mfano huo. Wi-Fi ni kioski cha maji chenye bomba moja. Hata tangi likiwa kubwa namna gani, kila mtu anasubiri mwenzake ajaze mtungi. Redio ndivyo ilivyo: kwenye chaneli moja, kifaa kimoja kikisema, vingine vinanyamaza. Na aliye mbali, nyuma ya kuta mbili, mtungi wake unajaa polepole huku foleni nzima ikimngoja.

Swichi humpa kila mmoja bomba lake. Inasoma anwani ya kila kifaa, inakumbuka kiko kwenye tundu gani, kisha inapeleka data kwenye tundu hilo tu. Televisheni ikivuta filamu, kompyuta haijui. Kila tundu linatuma na kupokea kwa wakati mmoja.

Sasa sikilizeni kichekesho. Etheneti ilipobuniwa kule Xerox mwaka 1973 na Bob Metcalfe na David Boggs, wote walikuwa kwenye kebo moja wakingojeana zamu, na wazo lenyewe lilichochewa na mtandao wa redio wa Hawaii uitwao ALOHAnet. Foleni ile ilianza kuondoka mwaka 1990, kampuni ya Kalpana ya Marekani ilipouza swichi ya kwanza ya Etheneti. Kwa hiyo anayeng'ang'ania kuweka kila kitu hewani ndiye aliyebaki kwenye foleni ya kale!

Halafu kuna kuta zetu. Huku tunajenga kwa mawe, na juu tunamwaga slabu ya zege iliyojaa nondo. Mawimbi ya gigahezi 5, yale ya kasi, yakipita kuta mbili za namna hiyo yamechoka hoi. Yale ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizogongana, nazo ni 1, 6 na 11. Ukikaa kwenye fleti za Mlolongo au Syokimau, majirani zako wote wamo humo humo. Muuzaji atakuuzia kifaa cha kurudia mawimbi. Vile vya bei rahisi vinapokea na kurusha tena kwenye chaneli ile ile, hivyo vinakula karibu nusu ya kasi. Umelipa pesa ili foleni iwe ndefu zaidi.

Fikirieni kamera tu. Kamera moja ya kawaida ya megapikseli 2 hutuma kama megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Ukiwa nazo nne, hizo ni megabiti 8 hadi 16, usiku na mchana, kabla hata mtu hajafungua ukurasa mmoja. Na data hiyo haiendi mbali. Inatoka langoni hadi kwenye mashine ya kurekodi iliyo sebuleni. Ikipita kwenye waya na swichi, Wi-Fi haiigusi kabisa.

Anayeumia hapa ni nani? Si yule anayetazama mpira, huyo ataguna kidogo aendelee. Anayeumia ni kijana aliyemaliza chuo, amerudi kwa wazazi, anafanya kazi za mtandaoni kutoka chumba cha nyuma. Mteja wa Ulaya hataki kujua ukuta wenu ni wa mawe gani. Anaona picha imeganda, sauti inakatika, na kazi anampa mwingine. Nami naandika programu kwa ajili ya kujipatia riziki, najua mkutano mmoja ulioharibika una bei gani. Mzazi amemlipia mtoto karo miaka minne, kisha anamnyima mita 20 za kebo!

Machakos tuna historia ya kupitwa. Waingereza walikuwa na makao yao hapa, lakini reli ilipopita kando, mwaka 1899 wakahamia Nairobi. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, Kenya ikaachana na kutegemea setilaiti, na safari hii hatukupitwa. Faiba imefika hadi kwenye milango ya nyumba zetu. Imesafiri chini ya Bahari ya Hindi, imepanda kutoka pwani, ikaja kufia kati ya sebule na chumba cha kulala. Hilo hatuwezi kumlaumu Mwingereza.

Najua pingamizi linalokuja: "Kifurushi changu ni megabiti 20, swichi ya gigabiti ni ya nini?" Ni swali zuri, na ni kweli kwamba swichi haiongezi hata megabiti moja kwenye unachonunua. Kinachobadilika ni kwamba zile 20 unazolipia zinafika mezani zote, bila kusita. Tena si kila data inakwenda nje. Kunakili picha na video za gigabaiti 50 kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa megabiti 100 kunachukua zaidi ya saa nzima. Kwa gigabiti ni kama dakika saba.

Tuje sokoni sasa. Duka la vifaa litakupa kwanza ile ya bei ya chini, ambayo boksi lake linajisifu kuwa ya haraka. Haraka hiyo ni megabiti 100, na jina hilo ilipewa mwaka 1995! Gigabiti kwenye kebo ya shaba ina kiwango chake tangu 1999. Tazama herufi za modeli. TP-Link yenye SF, kama TL-SF1008D, ni ya megabiti 100. Yenye SG, kama TL-SG1008D, ni gigabiti. D-Link ni DES dhidi ya DGS. Netgear ni FS dhidi ya GS. Tafuta G. Tofauti ya bei haifikii mifuko mitano ya simiti.

Matundu mangapi? Zunguka nyumba uhesabu vitu visivyohama: televisheni, king'amuzi chenye tundu la mtandao, kompyuta ya mezani, mashine ya michezo ya watoto, ya kurekodi kamera, printa. Ongeza moja la kwenda kwenye ruta, ongeza moja la kesho. Utaona matano hayatoshi. Nunua ya manane, isiyo na feni ya kupiga kelele, yenye bodi ya chuma ukiweza.

Usidanganywe na swichi ya kusimamiwa, ile yenye kurasa za mipangilio. Inafaa kwa anayetaka kutenganisha kamera au wageni na kompyuta zake, na hilo ni jambo la busara, kwa sababu mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera nyingi za namna hii duniani na kuzitumia kushambulia mitandao. Lakini kama hutaipanga, na nywila utaiacha ile ya kiwandani, umenunua mlango mwingine wa mwizi. Swichi ya kawaida inatosha nyumba nyingi. Angalizo moja tu: mtoto asichomeke ncha mbili za kebo moja kwenye swichi hiyo hiyo. Data itazunguka bila mwisho na nyumba nzima itanyamaza.

Kama kamera zako zinakula umeme kupitia kebo ya mtandao, chukua swichi yenye PoE, lakini soma jumla ya wati inazoweza kutoa, si idadi ya matundu peke yake. Na stima ikipotea? Swichi ndogo hula wati chache sana. Betri ndogo ya ruta inaweza kuibeba pia, mradi volti ziwe sawa, kwani kuna swichi za volti 5, 9 na 12. Soma adapta kwanza.

Sasa mafundi wangu, mniwie radhi. Kebo mnazovuta nyingi si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika ikikunjwa, na ikibebeshwa umeme wa kamera inapata joto. Mwenye nyumba, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, irudishe dukani. Halafu gigabiti inatumia nyuzi zote nane. Fundi akiunganisha nne tu, kasi inashuka hadi 100 na swichi inasingiziwa. Na kebo ya kwenda kwenye nyumba ndogo ya uani au langoni iwe ya nje, inayohimili jua, na iwekewe kinga ya radi.

Mwisho, wenye mjengo. Kila wiki naona nyumba mpya zikiinuka kuanzia Katani hadi Kangundo, na kila chumba kina paipu za waya wa taa lakini hakuna hata moja ya mtandao. Paipu ya plastiki kabla ya plasta ni kazi ya siku moja. Baada ya plasta ni nyundo, vumbi na ugomvi na mke. Mwambie fundi wako leo, kabla hajachanganya mchanga: paipu moja kwa kila chumba, zote ziishie mahali pamoja, na hapo ndipo swichi itakapokaa.

Wi-Fi tuiachie simu, kwa sababu simu inatembea. Kisichotembea kivutiwe waya. Mwenye hoja ya kunipinga aiandike kwenye maoni hapo chini, ila kwanza aniambie nyumba yake ina nyaya ngapi.