TAMKO LA TAWI: TUUJUE UDONGO KABLA YA KUGAWA MASHAMBA



Haya ni maoni ya ofisi ya Mwenezi wa Tawi. Yasomwe, yajadiliwe, na asiyekubaliana nayo aje na hoja mkutanoni.

Vijiweni kuna kauli inarudiwa: vijana hawana mashamba, basi tufungue miteremko ya upande wa Udzungwa na kingo za mito, tugawane ekari. Shida ya vijana ni ya kweli na hakuna wa kuibeza. Lakini kugawa ardhi usiyoujua udongo wake ni kumpa kijana mavuno ya misimu michache, kisha kumwachia makorongo.

Tuangalie tunapoishi. Ukishuka kutoka mlimani hadi mtoni, udongo unabadilika chini ya miguu yako. Juu kwenye mteremko tabaka lenye rutuba ni jembamba. Chini ya mlima kuna kichanga na tifutifu ulioletwa na vijito. Bondeni kuna mfinyanzi mzito unaoshika maji, ndiko mpunga unakokubali. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa mpangilio huu jina la katena, yaani mnyororo. Neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote, na lilitokana na ardhi ya Afrika Mashariki. Kwetu maana yake ni moja: anayelima mteremko bila kinga anamgusa mwenye jaruba kule chini. Mchanga wake utaziba mfereji wa mwenzake.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ikiondoa milimita 1 tu ya udongo kwenye ekari moja, zimeondoka kama tani 5. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Ndiyo maana tunashtuka wakati mbolea haifui dafu tena.

Wapo watakaosema mambo ya makinga maji ni ya mkoloni. Wanakumbuka vizuri. Kule Uluguru, mkoani kwetu hapa, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Ngazi zikafukua udongo wa chini usio na rutuba. Kazi ikawa kubwa, mavuno hayakuonekana. Julai 1955 wananchi walikataa hadharani, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Kosa halikuwa kuulinda udongo. Kosa lilikuwa kutoa amri moja kwa kila shamba bila kuupima udongo na bila kumsikiliza mkulima. Sisi tusirudie kosa hilo, wala tusilifanye kisingizio cha kukaa tu.

Ramani kubwa zipo. Wataalamu wa FAO walipima udongo wa bonde la Rufiji, Kilombero ikiwemo, tangu miaka ya 1950. Lakini ramani ya bonde zima haikuonyeshi shamba lako. Hiyo tuichore wenyewe.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu:

1. Kabla ya mgao wowote, Serikali ya Kijiji iwaite maafisa ugani, na ushauri uombwe TARI Ifakara na SUA. Yachimbwe mashimo ya mita 1 kuanzia mteremkoni hadi bondeni. Wazee na akina mama wanaolima wawepo, maana wao wanajua maji yanasimama wapi na mahindi yananyauka wapi. Yote yaandikwe kwenye ramani ya kijiji.

2. Miteremko mikali isigawiwe. Kingo za mito vilevile: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60.

3. Mteremko unaolimwa tayari ulimwe kwa kuukata, si kufuata mteremko, hata trekta likikodiwa. Mistari ya majani ya malisho ipandwe, mabua yasichomwe.

4. Orodha ya maeneo makubwa yaliyohodhiwa bila kulimwa iletwe mbele ya wananchi. Vijana waanzie huko, kwenye udongo unaofaa, badala ya kusukumwa mlimani.

Hoja ya nne itawaudhi baadhi ya watu, wakiwemo wa kwetu. Na isemwe tu. Ni rahisi kumgawia kijana korongo kuliko kumgusa mwenye ekari mia.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 imekiachia kijiji kupanga ardhi yake, na Mkutano wa Kijiji ndio unaopitisha. Mpango ukipita wakati tuko nyumbani, tusilalamike baadaye. Kila mwanachama ahudhurie, aje na jirani yake hata kama si wa chama chetu. Mvua haiulizi kadi.

Imetolewa na:
Katibu Mwenezi wa Tawi, Idete