Chombo Hushuliwa

Neno "sukuma" ni la Kibantu asilia, wala lenyewe halina kosa. Kosa ni la waandishi wanaolitwika mizigo isiyo yake. Siku hizi, hata katika mashairi ya visiwani, ngalawa husukumwa, umati husukumwa, na gurudumu la maendeleo, lililotoka majukwaani kwa wanasiasa, nalo husukumwa. Lugha ya mwambao mzima imegeuzwa kuwa ya kitenzi kimoja.

Kiswahili cha wazee wa Pemba hakikuwa na ufukara huo. Chapati husukumwa, ndiyo. Na mlango husukumwa. Lakini apenyaye kwa bega hupiga kikumbo, na waliojaa mahali padogo husongana. Ama chombo, kutoka mchangani kwenda majini, hushuliwa.

Ati kushua ni kusukuma tu? Asemaye hivyo na ende Kojani, kisiwa cha wavuvi, akatazame. "Sukuma" hueleza nguvu ya mwenye kusukuma. "Shua" hueleza chombo kinakokwenda. Ngalawa inayopandishwa pwani ili itiwe kalafati nayo husukumwa, ila hakuna awezaye kusema kuwa imeshuliwa. "Shua" ni ndugu wa "shuka" na "shusha": uteremko umo ndani ya mzizi wake.

Wapo wanaolaumu usanifishaji, kwa hoja kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi, na maneno ya wengine yakaachwa nje. Lawama hiyo ina ukweli kwa maneno mengi ya Kipemba, lakini kwa hili haisimami. "Shua" limo katika kamusi ya Kiswahili sanifu ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939. Halikufukuzwa na kamati yoyote. Limetupwa na wenyewe, kwa uvivu.

Wengine hujitetea kwa mizani: "sukuma" lina silabi tatu, "shua" mbili, na kipande lazima kitimie. Mwenye kusema hivyo amekiri kwamba anahesabu, hatungi. Mizani ni chombo cha kubebea maana. Haikuwekwa ili maana itoswe kwa ajili yake.

Neno halifi kwa kukosa kamusi. Hufa pale wanaolijua wanapoona haya kulitumia. Mshairi wa Pemba aandikaye "sukuma" mahali pa "shua" hajairahisisha lugha; amekiacha chombo mchangani.