Usahihi Ambao Redio Haijauomba

Ukimkuta fundi redio wa Sanya Juu ana mita ya mshale mezani, usishangae akianza kujitetea kabla hujamuuliza kitu. Atakwambia ya dijitali ipo njiani. Aibu hiyo inatokana na imani iliyoenea tangu vibanda vya Bomang'ombe hadi maduka ya vifaa mjini Moshi: dijitali ni sahihi, mshale ni wa kizamani, basi mwenye akili huchukua dijitali. Maneno yote hayo yana ukweli wake, isipokuwa lile la mwisho.

Kuhusu usahihi sina ubishi. Mita ndogo ya njano ya aina ya DT-830 hukosea volti za DC kwa nusu asilimia hivi. Sanwa YX-360TR, ya mshale, inaruhusiwa kukosea asilimia 3 ya kipimo kizima, na ukiisoma kwa kuitazama upande unaongezea kosa lako mwenyewe. Ukitaka kujua betri imebaki na volti 1.2 au 1.3, chukua dijitali, tumemaliza.

Lakini kutyuni redio si kupima betri. Anayezungusha kiini cha koili ya IF, yaani ya masafa ya ndani ya redio, ili ikae kwenye kilohezi 455 haulizi ni volti ngapi. Anatafuta kilele, yaani pale ambapo akizungusha kidogo tu zaidi, nguvu inaanza kurudi nyuma. Iwe 1.4 au 1.6, haimhusu. Hata mita ikidanganya kwa asilimia 10, mradi inadanganya vilevile kila mara, kilele kinabaki palepale. Anachohitaji kuona ni mwendo, na hapo ndipo ile ya njano inapomwangusha, kwa sababu hubadili namba mara mbili au tatu tu kwa sekunde. Bisibisi inazunguka, kioo kinaandika 1.43, 1.39, 1.47, 1.41, kilele kimeshapita, unarudi, unakipita tena. Tarakimu ya mwisho yenyewe hucheza hata mikono ukiiweka mfukoni. Mshale unapanda, unasita, unageuka, na jicho limeshaona bila kusoma chochote. Mwendesha bodaboda anayekwea kuja Sanya Juu hubadili gia kwa kusikia injini. Hasubiri kusomewa mizunguko kwa dakika.

Wenye viwanda wanalijua hili siku nyingi. Fluke ya Marekani, ambayo hakuna atakayeiita ya kizamani, iliweka mstari unaorefuka na kufupika chini ya tarakimu za mita zake tangu miaka ya 1980. Ni mshale wa kuchora. Wangeuwekea nini kama namba pekee zilitosha? Mita za namna hiyo zipo, ila bei yake si ya kibanda cha sokoni.

Imani yenyewe haikuzaliwa kwenye meza ya fundi. Imetoka kwenye televisheni. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata, na majirani zetu Kenya wakaingia uchaguzi wa 2013 wakiwagawa wanasiasa kuwa wa dijitali na wa analojia. Tangu hapo analojia ni tusi. Ila sababu kubwa ya kuzima ile mitambo ilikuwa nafasi: masafa yaliyobeba chaneli moja yanaweza kubeba kadhaa. Kupima volti hakukuwamo kwenye mjadala huo.

Wazee nao wasishangilie mapema. Mita ya mshale hunywa umeme wa saketi inayoipima. YX-360TR ina omu 20,000 kwa kila volti, kwa hiyo kwenye kipimo cha volti 10 ni kama umefunga rezista ya kilo-omu 200 hapo ulipogusa. Kwenye redio ya transista, zile National zilizounganishwa Dar es Salaam au Philips za Arusha, hilo huvumilika, hasa ukipima emita ya transista ya kwanza ya IF badala ya laini ya AGC yenyewe, ile inayojirekebishia nguvu ya ishara. Hapo mshale huenda ukashuka stesheni inapopata nguvu. Tazama unapogeukia, si upande unakoelekea. Kwenye redio ya valvu, ambako laini hiyo hupita kwenye rezista za mega-omu, mshale unaiua ishara uliyokuja kuitafuta. Hapo leta dijitali nzuri yenye mega-omu 10, au hamia kwenye kathodi ya valvu. Fundi anayeapa kwa mshale kila mahali ana ugonjwa uleule, dawa tu ndiyo tofauti.

Na kazi hii ifanywe mchana. Usiku stesheni za masafa ya kati zinazotoka mbali hupanda na kufifia zenyewe, ukadhani ni bisibisi yako.

Nitaambiwa redio mpya ni chipu moja, hazina koili za kuzungusha. Kweli, na anayetengeneza hizo peke yake hana haja ya mshale. Lakini barabara ya Sanya Juu ndiyo inayopandisha watu kwenda lango la Londorossi la Mlima Kilimanjaro, na mlimani watu huwasiliana kwa redio za VHF. Antena ya redio hizo hurekebishwa kwa kutafuta mahali nguvu inayorudi ni ndogo kabisa. Ni utafutaji uleule umepinduliwa, na mita za SWR za kupimia nguvu hiyo, zenye mishale miwili inayokatana, bado zinauzwa mpya. Tena karibu na antena inayorusha, mita ya dijitali ya bei rahisi inaweza kuandika namba za ajabu, nawe ukaziamini kwa kuwa zina nukta.

Kama pesa inatosha mita moja na kazi yako ni chaja na taa za sola, nunua dijitali. Kama unaletewa redio, tafuta ya mshale. Kabla hujalipa ilaze, isimamishe, iweke ubavu. Mshale ukihama mbali na sifuri, mwachie mwenye duka.